Safari ya Mjini Bila Spika

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamua. Mwaka huu safari ya mjini nitaiongoza mimi. Nani mwingine? Spika alituongoza tangu tukiwa vijana. Kila Juni. Asubuhi makumbusho, alasiri tamthilia, jioni chakula cha kukalia meza yenye kitambaa, kisha kulala nyumba ya wageni ile ile na kurudi kesho yake. Alikuwa mpiga chapa. Mitambo ilimzoesha kupaza sauti, ndiyo maana jina likamganda. Tulimzika Machi. Tumebaki watatu: mimi fundi wa makochi, Mkunga, na yule mpima ardhi tunayemwita Futikamba. Kundi lisilo na kichwa husambaratika. Nasema hivi kwa uchungu, si kwa tamaa.

Mke wangu kasema ni tamaa.

Alhamisi, 6 Juni

Kikao nyumbani kwa Mkunga. Futikamba kaja na ramani ya mji! Kaitandaza juu ya meza ya watu hata chai haijaletwa. Kachora mstari mwekundu kutoka stendi hadi makumbusho, kutoka makumbusho hadi ukumbi wa tamthilia. Kasema mtu anayetembea kwa mpango hachoki. Halafu, kwa unyenyekevu wa kutisha, kasema yuko tayari kuubeba mzigo wa uongozi. Mnafiki! Mtu huyu alilipima hata kaburi la Spika, akawaambia wachimbaji limepinda.

Nikasema mzigo huo hata mimi nauweza. Fahali wawili hawakai zizi moja, na sebule ya Mkunga ni ndogo. Mkunga akasema tusikimbizane, chai inapoa. Kwa hiyo kura ya mwisho ni yake. Wakati wa kutoka niliona kitambaa cha kigoda chake kimechanika pembeni. Mkono mtupu haulambwi.

Jumamosi, 8 Juni

Nilikichukua kigoda jana, nikamwambia ni mapenzi tu. Nimetia sponji mpya, kitambaa kizuri cha zambarau, vifungo vya kuzamisha, hata misumari ya pembeni ile inayong'aa. Mke wangu kauliza kiti chetu kilichovunjika mguu kinangoja uchaguzi gani. Nikaendelea kugonga misumari.

Jioni nimekirudisha. Mkunga kakalia, kashukuru. Nikagusia habari ya uongozi, kwa mbali sana. Akanitazama kama anavyowatazama waume wanaopiga kelele mlangoni mwa wodi.

"Kura yangu nampa Spika," akasema.

Nikamkumbusha, kwa upole, kwamba Spika amefariki.

"Najua. Nilikuwepo."

Nimerudi nyumbani kwa miguu, njia ya mbali. Kigoda chenyewe lakini kimetoka vizuri mno.

Jumanne, 11 Juni

Mbinu mpya. Mwenye tiketi ndiye kiongozi, kura isiwe kura. Nimekwenda kwa wakala wa tiketi mapema, Futikamba bado yumo kitandani. Wakala kauliza za tamthilia nataka ngapi. Nikasema nne. Kachapa, kagonga muhuri, nikatoka kifua mbele. Nilipofika sokoni ndipo nilipozihesabu. Nne!

Nikarudi mbio. Wakala kasema tiketi ikishachapwa hairudi. Nikamweleza kuna msiba. Akanipa pole nyingi, akauliza marehemu amefariki lini. Nikasema Machi. Akaendelea kupanga karatasi zake.

Miaka yote hii mdomo umezoea nne. Sikukosea hesabu, sikuhesabu kabisa. Hilo ndilo linaloniuma, na sina wa kumwambia.

Ijumaa, 14 Juni

Futikamba asijue. Akijua nimekwisha. Atasema mtu asiyejua marafiki zake ni wangapi hawezi kuongoza hata mbuzi. Na huyo huyo kapita karakana leo akijidai: kwa kuwa mimi nimekimbilia tiketi, basi yeye kapiga simu mjini kutuwekea meza ya chakula. Mgahawa wa maana, kasema. Mambo yake yamepimwa, kasema. Nikatabasamu huku nimeuma misumari.

Dawa ni kumpata mtu wa nne. Nimemwendea shemeji, kaka wa mke wangu, mtu anayesinzia popote anapokaa. Nikamwambia namkaribisha kwa heshima. Akauliza kuna mpira? Nikasema kuna tamthilia. Akasema tamthilia anazo nyumbani kwake kila siku. Halafu kaenda moja kwa moja kumsimulia dada yake. Kamwaga mtama kwenye kuku wengi!

Mke wangu hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa acheke. Aliniuliza tu kama nimewahi kumlilia Spika tangu tumzike. Nikasema nina makochi ya watu.

Ijumaa, 21 Juni

Tumefika mjini. Ramani ya Futikamba ni ya zamani. Mstari wake mwekundu umetupeleka kwenye ukuta wa benki. Kasema benki ndiyo iliyokosea. Nikaona nafasi yangu, nikasema nifuateni, naijua njia ya mkato. Tumepita nyuma ya gereji mbili, tukatokea mbele ya benki ile ile.

Mkunga akamsimamisha mwanamke aliyebeba mayai, akauliza. Tulikuwa tumebakiza mtaa mmoja kufika nyumba ya wageni, iliyo jirani na makumbusho. Nikakumbuka kwamba Spika naye hakuwa akiijua njia. Alikuwa akiuliza kila mtu, kwa sauti, na watu walimpenda kwa hilo. Mimi na Futikamba hatuulizi.

Jumamosi, 22 Juni, mchana

Naandika nikiwa benchini nje ya makumbusho. Nimetolewa.

Kuna kiti cha enzi ghorofani, nyuma ya kamba. Kibao kinasema kimetunzwa kama kilivyokuwa. Futikamba akakisoma kibao kwa sauti, utadhani kakiandika yeye. Nikasema ule mto wa kukalia ni sponji ya juzi. Akasema kibao hakisemi hivyo. Nikasema nasema mimi. Ili kukata mzizi wa fitina nikapenyeza mkono chini ya kamba, nikabonyeza kwa kidole kimoja tu.

Kengele! Wanafunzi wa shule nzima wakageuka. Mlinzi kanishika kiwiko, kanishusha ngazi mbele za watu, na Futikamba anatembea pembeni yetu akimwomba radhi kwa niaba ya kundi. Kwa niaba ya kundi! Ndivyo mtu anavyonyakua uongozi, mchana kweupe.

Spika angekuwepo, mlinzi angekuwa anacheka sasa hivi, na mimi ningekuwa ndani. Namtaka Spika. Ndiyo, nimeandika.

Ilikuwa sponji lakini. Naapa.

Jumapili, 23 Juni, ndani ya basi

Wenzangu wamesinzia. Niandike ya jana yote.

Nilikuwa na mpango. Kiti cha nne kingebaki mwishoni mwa safu, nami ningejifanya sikijui. Lakini tulipoingia ukumbini kila mtu akaenda kukaa alipozoea. Hatukupangana. Mimi, Mkunga, pengo, Futikamba. Pengo lilikuwa palepale alipokaa Spika miaka yote, akinong'ona kwa sauti ya kusikika jukwaani. Kitambaa cha kiti kimefubaa, springi moja imeanza kuinuka. Sikuweza kuacha kukitazama.

Taa zinaanza kupungua, akaja mama mmoja aliyechelewa, na mkoba mkubwa. Akauliza kama kile kiti kina mtu. Hapo ndipo ningeokoka! Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimkaribishe. Futikamba akanitangulia.

"Samahani, mama," akasema. "Kina mwenyewe."

Mama akaenda zake. Futikamba akavua kofia yake, akaiweka juu ya kiti kile taratibu, akainyoosha ikae katikati. Hakuniuliza tiketi ya nne imetoka wapi. Hakunitazama kabisa. Sijui tamthilia ilihusu nini. Wanasema mwishoni waliooana walikuwa ndugu. Nililia tangu pazia lifunguke hadi lifungwe. Mkunga alinipa leso, nilipoirudisha akampa Futikamba.

Kisha mgahawa. Mhudumu katuongoza hadi mezani. Sahani nne. Glasi nne. Viti vinne, vya plastiki iliyofunikwa nguo, aibu tupu, lakini vinne. Mhudumu akauliza kama tumsubiri mwenzetu kwanza. Futikamba akasimama palepale, kashika mgongo wa kiti. Mtu ambaye hajawahi kukiri kukosea hata inchi.

Nimelisubiri kosa lake mwezi mzima. Nilikuwa hata na maneno tayari. Hayakutoka.

"Nilipokuwa kwenye simu," akasema, "sikujua kama nasema nne."

Nikatoa tiketi zile mfukoni, nikaziweka mbele yake. Akazitazama. Akaketi. Mhudumu akanyoosha mkono kuondoa sahani, Mkunga akamwambia aiache.

Tukala. Chakula kilikuwa cha kawaida, ila hakuna aliyelalamika. Mkunga ndiye aliyeamua yote, na tukakubali kama watoto. Hakuna kiongozi. Atakayepotea aulize. Na safari ijayo, ya Desemba kwa kuwa hakuna anayetaka kungoja Juni, tunakata tatu, kwa sababu Spika amekufa na ni lazima tulijue hilo. Tulishikana mikono juu ya meza tukaapa. Futikamba kaniita ndugu yangu. Nami nikamwita ndugu yangu, na nilimaanisha.

Nimejifunza mengi katika safari hii. Mimi ni mtu mwingine.

Jumatatu, 1 Julai

Wakala kaanza kuuza tiketi za tamthilia ya Desemba. Nimekwenda mapema. Si kwa uongozi, hapana, hayo yameisha. Ni kwa sababu lazima mtu mmoja azishike, na mwingine ni Futikamba.

Wakala hakuningoja hata nifungue mdomo. Kauliza kama nami nataka nne, kama mwenzangu.

Mwenzangu yupi? Yule wa kofia, kasema. Alikuwa wa kwanza leo mlangoni, kakata nne, akafika barabarani, akarudi mbio akiuliza kama zinarudishwa. Kamweleza kuna msiba.

Msaliti! Wiki moja tu tangu tuape! Nikasimama pale dirishani, nyuma yangu foleni inaguna. Ningeweza kwenda nyumbani. Ningeweza kusema hapana, au hata tatu. Lakini yeye akiwa na tiketi na mimi sina, nani ataonekana kiongozi?

Nikasema nne.

Sasa ni viti vinane kwa watu watatu na Spika. Mkunga asijue. Kesho asubuhi namwendea shemeji. Safari hii nitamwambia kuna mpira.