Jirani Mwenye Mama Mgonjwa

Tangazo lilipobandikwa kwenye ofisi ya kata, kila mtu wa Nyamisangura alilisoma kwa shida yake. Wenye baa na hoteli walisoma kwamba kamati ya leseni itapita mtaani kuamua nani aruhusiwe kuuza chakula na vinywaji hadi saa nane za usiku, na nani aendelee kufunga saa tano. Walevi walisoma "hadi saa nane" wakaishia hapo, wakaenda kusherehekea. Erasto Mniko alisoma mstari wa chini kabisa, ule unaorukwa na kila mtu: kwamba kabla ya kuamua, kamati itasikiliza malalamiko ya majirani.

"Majirani," alisema Erasto, na mate yakamjaa kinywani.

Erasto alikuwa na shati lililopigwa pasi, viatu vinavyong'aa, na kazi isiyojulikana. Aliwahi kuuza bima ya kuku. Aliwahi kukusanya michango ya harusi ambayo bibi harusi mwenyewe hajaisikia mpaka leo. Lakini mwizi hakuwa, na neno hilo lilimuudhi sana. Yeye aliomba, watu wakatoa. Sasa kosa liko wapi?

Siku hiyohiyo alikwenda kupanga chumba kwenye uchochoro ambao baa na hoteli zimegeuziana migongo. Chumba kilikuwa katikati yake, na kilikuwa kimekaa bila mpangaji muda mrefu. Mwenye nyumba, mzee mwaminifu, alimwonya.

"Kijana, nisikudanganye. Hapa kuna kelele."

"Mzee, kelele ndizo ninazopanga," alijibu Erasto, akapokea ufunguo.

Kesho yake alimwendea Machage, mwenye baa kubwa ya nyama choma, mtu mwenye tumbo la heshima na roho ya kutaka mtaa mzima uwe wake.

"Shikamoo, mzee Machage. Mimi ni jirani yako mpya. Nina mama mgonjwa mle ndani. Hapati usingizi. Muziki wako unamtikisa kitanda, na nasikia kamati inakuja." Erasto alishusha pumzi ndefu. "Moyo unaniuma kusema mbele ya kamati. Lakini mama ni mama."

Machage hakuwa mgeni wa dunia. "Mama yako anapenda nini?"

"Anapenda mbuzi."

"Na nikimpa mbuzi, muziki hautamsumbua?"

"Atalala kama mtoto."

Machage alitafakari, akasogeza kiti. "Sasa sikia, mura. Ukinyamaza kwangu, huwezi kwenda kupiga kelele kwa Abonyo? Kamati imnyime yule mama. Wateja wake waje kwangu."

"Hiyo ni huduma nyingine, mzee."

"Bei gani?"

"Mbuzi yuleyule. Ila awe jike."

Wakapeana mikono. Fedha za simu Erasto hakuzitaka kabisa. Fedha za simu huacha ujumbe, ujumbe huja kusomwa mahakamani, lakini mbuzi haachi ujumbe popote.

Sheila Abonyo, aliyeuza samaki na ugali mlango wa pili, alikuwa na ndugu nusu Migori nusu Sirari, na Kiswahili chake kilivuka mpaka bila pasi. "Hebu ngoja. Mamako ni mgonjwa, halafu umemleta akae nyuma ya baa? Wewe uko sawa kweli?"

"Dada, hapa ndipo karibu na hospitali."

"Eh! Haya, chukua mbuzi, na nisikuone hapa tena. Lakini uende ulalamike kwa Machage. Aache kunibeba ujinga na hiyo spika yake."

Erasto aliahidi. Kwa kuwa alikuwa amelipwa alalamike kwa wote wawili na anyamaze kwa wote wawili, aliona haki ni kunyamaza. Oyoo wa chipsi naye akatoa beberu bila hata kuulizwa, maana alisikia wenzake wametoa. Hivyo nyuma ya chumba wakafungwa mbuzi watatu, wakingoja siku ya mnada.

Mwenye nyumba aliwaona akakuna kichwa. "Erasto, mbuzi hawa wote ni wa nini?"

Majirani walikuwa wengi pale bombani, ndoo mikononi. Erasto akaona ni nafasi nzuri ya kujijengea jina. "Ni wa mama, mzee! Daktari amesema apate mchuzi. Mimi sina changu pale. Kila kwato unayoiona ni ya mama yangu." Wanawake wakatikisa vichwa kwa huruma, wakasema watoto wa namna hii wamekwisha duniani. Weka maneno hayo moyoni, ndugu msomaji, maana aliyeyasema hakuyaweka popote.

Akabaki Wegesa. Huyu hakuwa na baa ya kutisha. Alikuwa na jiko, mabenchi, supu, chapati, redio ndogo, na friji moja ya bia. Wateja wake walikuwa vijana wanaotoka zamu mgodini huko Kewanja, wanaoingia mjini saa tano imeshapita, wana njaa ya kula hadi sahani. Kwa Wegesa saa nane halikuwa suala la tamaa. Akilazimishwa kufunga saa tano, afunge moja kwa moja na arudi kijijini kulima.

"Mama yako anaumwa nini?" Wegesa aliuliza.

"Usingizi, dada. Akisikia sufuria tu, anashtuka. Ningekuwa na mbuzi wa kumchinjia—"

"Pole sana. Mbuzi sina. Lakini mimi ni jirani yake, nitamletea uji."

"Hapana, usijisumbue."

"Kujisumbua gani? Mgonjwa wa jirani ni mgonjwa wangu."

Uji ukaja, wa ulezi, umetiwa limau. Erasto akapokea bakuli mlangoni, akanong'ona kwamba mama amelala, akafunga mlango akaunywa wote. Ulikuwa mtamu mno. Akaamua Wegesa atatozwa mbuzi mkubwa kuliko wenzake, kwa kuwa ameonyesha ana uwezo. Kesho yake Wegesa alipoleta bakuli la pili, Erasto alikuwa ametoka, na mlangoni palining'inia kufuli kubwa kwa nje. Wegesa alilitazama lile kufuli. Kisha akarudi jikoni na bakuli lake.

Jioni alimkuta Erasto bombani. "Jirani, nimewaambia akina mama wa jumuiya. Jumamosi tunakuja wote kumwombea mama."

"Wote?"

"Wote. Na kamati ikija Jumanne, tutambeba mpaka mbele aseme mwenyewe. Mgonjwa asisemewe."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Erasto ilikuwa imeishia bombani hapo. Angeweza kutoroka, lakini mnada ulikuwa bado, na mtu wa heshima hawezi kupita Tarime mjini akikimbia na mbuzi watatu. Ilibaki njia moja. Alikwenda sokoni kutafuta mama.

Kwenye viazi vitamu alimkuta bibi mmoja mkavu, macho makali, fungu la viazi mbele yake wala hana habari nalo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mura. Unataka kiazi au unataka mtu?"

Mtu mwingine angegeuza njia. Erasto akachuchumaa. "Nataka mtu, bibi. Kazi ni ndogo. Ni kulala, kuugua kidogo, na kuitwa mama yangu mpaka Jumanne."

"Kuugua naweza. Nitaumwa wapi?"

"Popote utakapopenda. Una watoto?" Aliuliza hivyo kwa usalama, asije akatokea mtu kumdai.

"Sina," alisema bibi. Jina lake lilikuwa Mokami, wa kule Itiryo. "Mungu hakunipa. Nikataka kuoa mke, nyumba ntobhu ya kwetu Wakurya, mwanamke anamwoa mwanamke mwenzake kwa ng'ombe ili amzalie watoto. Ng'ombe hawakutosha. Basi nikazeeka hivihivi."

"Pole sana, bibi," alisema Erasto, akashukuru moyoni. "Nitakupa kitenge na kilo ya sukari."

"Sawa."

Sawa! Mwanamke wa Itiryo, ameketi sokoni, ametajiwa bei, amesema sawa. Hata viazi vyenyewe vilipaswa kushtuka.

Jumamosi Bibi Mokami aliugua kwa ufundi mkubwa. Aliumwa magoti, akaumwa mgongo, akaomba supu, akaomba chapati za kusindikiza supu. Akina mama wa jumuiya waliimba wakalia. Wegesa alimlisha kwa mkono wake, na Erasto akasimama pembeni akifuta jicho lisilo na chozi. Alijiambia kwamba kwa mama wa namna hii, angeanza biashara Musoma.

Jumanne asubuhi kamati ilifika ikiongozwa na diwani mmoja, Mheshimiwa Modesta, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Kwa Machage hakuna jirani aliyelalamika. Kwa Abonyo hakuna. Kwa Oyoo hakuna. Kila mmoja alimtazama mwenzake aliyepita bila kulalamikiwa, kisha akamtazama Erasto kwa hasira, na Erasto akatazama viatu vyake. Wakafika kwa Wegesa, mtaa mzima nyuma yao.

"Hapa kuna malalamiko?"

"Yapo, Mheshimiwa," Erasto alijitokeza, sauti imelowa huruma. "Mama yangu ni mgonjwa. Jiko hili halimpi usingizi."

Bibi Mokami aliletwa amekalishwa kwenye kiti, kitenge kipya mabegani. Wegesa alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kwenye aproni.

"Huyu ni mama yako?" aliuliza Mheshimiwa Modesta.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Sema kwa nguvu, mwanangu," Bibi Mokami alimkatiza. "Masikio yangu ni mabovu."

"Ni mama yangu!"

"Na watu wa kule nyuma hawajasikia."

"Jamani, huyu ni mama yangu mzazi!" Erasto alipaza sauti mpaka kuku wakatawanyika. "Aliyenizaa! Na atakayesema vinginevyo aje hapa!"

Hakuja mtu.

"Asante," alisema Bibi Mokami, akasimama. Alisimama vizuri kabisa, bila kushikwa. "Mheshimiwa, nilikuwa naumwa kweli. Lakini tangu nije hapa nimepona. Kwetu Itiryo nyumba yangu iko peke yake. Giza likiingia nasikia fisi, nasikia moyo wangu, basi. Hapa nasikia sufuria, nasikia watoto wa watu wakicheka na sahani zao. Nalala mpaka asubuhi. Mwanangu ananipenda, ndiyo maana ana wasiwasi. Mpeni huyu binti leseni yake."

Erasto alifungua mdomo. Lakini Mheshimiwa Modesta alikuwa ameshawageukia wenzake.

Kamati ikanong'onezana kidogo. Wegesa akapewa hadi saa nane, muziki ushuke saa tano, jiko liendelee. Wegesa alifunika uso kwa aproni, akalia pale pale mlangoni bila kuona haya.

"Bado neno moja," alisema Bibi Mokami. "Nimepona, narudi kwangu. Na mbuzi wangu. Naomba watu washuhudie, nisije nikaitwa mwizi."

"Mbuzi gani, bi... mama?" Erasto aliuliza.

"Si wale watatu wa mchuzi? Au si wangu?"

Mwenye nyumba, mzee mwaminifu, akainua mkono. "Mheshimiwa, ni kweli. Alitutangazia bombani. Kila kwato ni ya mama yake."

"Kila kwato!" wakaitikia wanawake wa ndoo.

Mbuzi wakaletwa. Wa Machage alikuwa na doa jeupe usoni ambalo mtaa mzima ulilijua. Mheshimiwa Modesta alilitazama doa, akamtazama Machage.

"Mzee Machage, una neno?"

Machage alimtazama mbuzi wake. Akaitazama kamati. Kueleza mbuzi ametokaje kwake kulikuwa na gharama kubwa kuliko mbuzi. "Sina," alisema, kama mtu anayemeza mfupa.

"Mama Abonyo?"

"Mimi? Mimi nimekuja kuangalia tu."

Oyoo alikuwa ameshaondoka, amekumbuka chipsi zake zinaungua.

Bibi Mokami akamkabidhi Erasto kamba. Erasto alikuwa na njia mbili: kushika kamba, au kumwambia diwani, mbele ya mtaa mzima, kwamba amemkodi mama sokoni. Akashika kamba. Walipopita mlangoni, Wegesa alitoka na kopo la supu ya njiani, akampa bibi kwa mikono miwili.

"Safari njema, shangazi."

Erasto alisimama. "Shangazi?"

"Shangazi yangu, dada wa baba," alisema Wegesa. "Mgonjwa hafungiwi kwa kufuli la nje, Erasto. Nilipoona huna mama, nikampigia simu asiye na mtoto, aje akungoje sokoni. Mgonjwa wa jirani ni mgonjwa wangu, au sivyo nilivyokwambia?"

Gari la mizigo liliwashusha njia panda, wakaendelea kwa miguu kuelekea Itiryo, mbuzi mbele, Erasto katikati, bibi nyuma. Moyoni Erasto alikuwa ameshapanga: kwenye kona ya migomba atakata kulia na mbuzi, na mwanamke mzee hana mbio. Lakini kabla ya kona watu walikuwa barabarani wanawangoja, wanaume wenye fimbo, wanawake wenye vigelegele. Simu za Bibi Mokami zilikuwa zimefika kabla yake.

"Mwana wa Mokami ndiye huyu?" aliuliza jirani mmoja, akimzunguka Erasto kumkagua.

"Ndiye," alisema bibi. "Wengine hutoa ng'ombe wakangoja mtoto akue. Mimi nimepata mwenye ndevu, na mbuzi wamekuja naye."

"Amefanana nawe sana."

"Watu wanasema."

Nyumba ilikuwa ndogo, paa la nyasi limezama upande mmoja. Bibi alimwonyesha linapovuja, akamwonyesha zizi, akamwonyesha mahali choo kitakapochimbwa paa likiisha. Majirani wakaaga. Wakabaki wawili na mbuzi. Erasto alipima umbali wa kutoka pale hadi barabarani, akaona jirani wa mwisho bado amesimama na fimbo yake, anampungia mkono kwa upendo.

"Mura," alisema Bibi Mokami. Sauti yake ilikuwa imebadilika, haina tena ule ukali wa sokoni. "Kule mjini ulinipigia kelele nzuri. Lakini ulisema kwa sababu ya mbuzi. Miaka yote hii sijawahi kuitwa hivyo kwangu, hapa mlangoni. Sema tena."

Erasto alitazama kushoto, akatazama kulia. Hapakuwa na kamati, hapakuwa na mteja, hapakuwa na mtu yeyote wa kulipa.

"Mama," alisema, bure kabisa.

"Naam, mwanangu," alisema Bibi Mokami, akaingia ndani kutafuta nyundo.