Ukuta Usio na Dirisha

Jumatatu, 3 Machi

Jirani yangu mwoka mikate anapandisha ghorofa! Kibali anacho, na mhuri juu yake. Halmashauri imemruhusu bila kuniuliza mimi, niliyepakana naye ukuta kwa ukuta. Anasema tangazo la maombi lilibandikwa kama sheria inavyotaka. Nikamuuliza wapi. Nyuma ya choo cha soko! Nani husoma nyuma ya choo? Hapa pana kesi. Nikajilaza uani kwenye mkeka, nikaiwaza hadi jua likanihama. Mke wangu akauliza redio za wateja zimefikia wapi. Nikamjibu fundi hakimbizwi.

Jumanne, 4 Machi

Malalamiko tayari. Kurasa sita! Kwanza, choo. Pili, ukuta mtupu usio na dirisha hata moja utanikodolea macho kama askari aliyenuna. Tatu, mboga zangu zitakosa jua. Sina mboga. Nimenunua miche ya nyanya, nimeipanga uani kwenye makopo. Mke wangu akasema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nikamkumbusha uani kwetu hakuna sakafu, ni udongo.

Ijumaa, 7 Machi

Afisa wa mipango miji amekuja! Mama mmoja mtulivu, viatu vina matope, tepu ya kupimia mkononi. Akagusa mnyanya. Ukang'oka. Akauliza nimeupanda lini. Nikasema si zamani sana. Hakuandika kitu. Lakini choo alikwenda kukiona mwenyewe, akarudi akitikisa kichwa. "Hapo, baba, una haki."

Una haki! Nimemwomba mke wangu alirudie neno hilo wakati wa kula. Amekataa. Mwoka mikate alituletea mkate wa moto, tukaumaliza palepale. Mtu mwema sana. Bado nampinga.

Alhamisi, 13 Machi

Kikao cha halmashauri. Nilisimama, nikamwaga maneno. Nikasema binadamu hatujengeani migongo. Diwani mmoja alifuta macho, labda vumbi. Mwenyekiti akakiri tangazo lilibandikwa pabaya, kisha akamuuliza mwoka mikate kama anaweza kuweka madirisha upande wangu. Akasema aliyaacha kwa heshima, asije akanichungulia. Nikaruka juu. Heshima gani ya kumpa jirani kisogo? Ikapitishwa: madirisha mawili, tena makubwa. Ushindi! Mke wangu akauliza kama ghorofa yenyewe imezuiwa. Nikamwambia asichanganye mambo.

Jumamosi, 12 Aprili

Madirisha yako wazi. Kumbe chumba ni cha mama mkwe wa mwoka mikate. Jicho la mwewe, sauti ya tarumbeta. Leo mteja kapiga hodi. Mimi chali uani, nikifikiri. Nikanyamaza, nikajua atachoka aende zake. Sauti ikashuka kutoka juu: "Yupo, mwanangu, ingia tu! Amelala tangu asubuhi, na redio yako hajaigusa!"

Mke wangu alicheka hadi akakalia ndoo. Sasa ni mashoga, yeye na bibi huyo. Wanazungumza juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni mti. Kila nikiegemea ukuta, dirisha linakohoa. Nimetengeneza redio nne kwa siku moja. Mateso! Wateja wamenisifu, nyumba nzima inachangamka, na mkate unashushwa kwa kikapu ungali moto. Siwezi kusema nina huzuni.

Lakini haki ni haki, na kosa nimeliona. Halmashauri iliyakubali malalamiko yangu upesi mno, bila kuyachunguza! Mtu akisimama mbele ya watu na kusema kwa hasira, wenye busara humwambia aende akapumzike kwanza. Wao wakapitisha. Uzembe mtupu! Nimemimina chai, nimekata mkate, na malalamiko mapya yamefika ukurasa wa nne. Yanatoka vizuri mno.