Mtangazaji Aondolewe, Koti Libaki

Ndugu Mkurugenzi wa Habari,

Natumaini u mzima na kiyoyozi cha ofisi yako kinapuliza. Cha studio kinadondosha maji juu ya waya. Mimi ndiye ninayepandisha maandishi kwenye kioo cha kamera, yale anayoyasoma mtangazaji wetu kila saa mbili usiku, watu wakidhani anayatoa kichwani. Huu mwaka wa tisa. Kwa heshima zote, nina malalamiko.

Kwanza, mtangazaji hasomi, anameza. Jumanne niliandika kwenye mabano "huzunika kidogo". Akayatamka neno kwa neno, tena kwa tabasamu, katikati ya habari ya mafuriko. Waliopiga simu walimsifu kwa utu wake.

Pili, juzi kidole changu kiliteleza, maandishi yakasimama. Naye akasimama! Sekunde kumi na moja, mdomo wazi. Mimi ukanipa barua ya onyo. Yeye ukampa pole.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma hasa. Mama yangu mzazi huketi mbele ya televisheni kila usiku akinitafuta. Hanioni. Keshawaambia majirani kwamba namdanganya, sina kazi. Mtangazaji, akienda kinyozi, hupishwa foleni.

Nne, ikiwa mwenye akili ni kioo, na mwendesha kioo ni mimi, yeye ni wa nini? Naomba aondolewe. Koti lake libaki kitini, tai ifungwe vizuri, mpambaji aipake poda kola, nami nisome kwa nyuma. Habari za viongozi kuzindua mabomba makavu hazihitaji uso. Koti halitauliza maji yako wapi, na yeye pia hajawahi kuuliza.

Wasalimie wahariri na mafundi sauti wote. Shemeji na watoto nao usiwasahau.

Wako mtiifu, usiyemwona,
Mpandisha Maandishi

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mtangazaji alishikwa na mafua, mkanisukumia mimi kitini, ndani ya koti lake. Nilimpigia mama simu akae karibu na televisheni. Mashine yangu akashika mpambaji. Ulinisikia mwenyewe: "Habari za usiku, meza mate, inua kidevu." Maneno ya kwenye mabano, niliyoyaandika kwa mkono wangu! Leo asubuhi mama amezunguka kwa majirani wote kuwaeleza kwamba yule wa jana si mwanawe, wamefanana tu. Mwanawe hana kazi. Tafadhali, mtangazaji arudi upesi.