Malaika wa Pasaka na Rilei za Honi

Jumatano, 27 Machi
Padri Anselmo amekubali! Alfajiri ya Pasaka, malaika wa kuivua sanamu ya Bikira Maria shela nyeusi atashushwa kwa mota. Mota yangu! Mang Isko, mzee aliyewashusha malaika kwa kamba miaka ishirini na miwili, kanuna. Kaniuliza mota ikigoma kusimama nitafanyaje. Kijicho tu. Malaika ni Luningning, mtoto wa dadangu, miaka saba.

Alhamisi, 28 Machi
Mota ni ya winchi ya lori. Umeme ukiingia hivi, inashusha, ukigeuzwa, inapandisha. Za kuugeuza ni rilei mbili, swichi za umeme ambazo ncha zake hugusana na kuachana. Aling Charing, mama wa duka la vipuri, kanichagulia zenye ncha nene. Eti mota inayogeuzwa hufyonza umeme mwingi, ncha nyembamba zitaungua zigandane. Mang Isko yuko pale, masikio wazi. Ningezichukua, angetangaza nimefundishwa kazi na muuza duka. Nikaziacha. Nimefungua mbili za honi kwenye jipni, gari la abiria la shemeji. Ndogo, nadhifu.

Ijumaa Kuu, 29 Machi
Nilitaka kujaribu. Dada kanikatalia katakata: Bwana amekufa, hakuna kupiga kelele, hata kuoga baada ya saa tisa ni mwiko. Siku nzima nimekaa na jasho langu.

Jumamosi, 30 Machi
Gunia la mchele limeshuka, limepanda, mara tatu. Safi! Mara ya nne nimeachia kitufe, gunia likaendelea kupanda. Nimegonga rilei kwa bisibisi, ikaachia. Sijamwambia mtu. Dada kauliza kama ni salama. Nimesema kama kitandani. Bisibisi nimeiweka mfukoni. Tahadhari tu.

Jumapili, 31 Machi
Luningning alishuka vizuri, akiimba. Akaivuta shela. Kengele, machozi, padri akanikubalia kwa kichwa. Nikabonyeza kupandisha. Nikaachia.

Hakusimama.

Niligonga kwa bisibisi. Wapi! Ncha zimegandana. Mtoto anapanda, kapi inamngoja juu, vidole vyake vimeshika waya unaomvuta. Akaacha kuimba. Akaniita, "Mjomba, inatosha."

Sikuweza kusogea, jamani. Mang Isko alinisukuma, akang'oa waya wa betri kwa mkono mtupu. Mota ikazima. Kati ya vidole na kapi, shubiri moja. Akamshusha kwa kamba yake ya miaka yote, taratibu, mkono ukiwa umeungua.

Jumatatu, 1 Aprili
Dada hasemi nami. Padri kasema tutazungumza, kwa sauti ya kutozungumza. Nimechunguza kwa makini: kosa ni la betri, ilikuwa na nguvu mno. Rilei zilifanya kazi yake, zilishika. Kushika ndiyo kazi ya rilei!

Jioni Luningning alikuja kwa kujificha. Akauliza mwakani nani atamshusha. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ni mimi, na safari hii kwa kasi zaidi.

Akaangua kilio. Mtoto ana moyo wa shukrani huyu.