Kuku Uliyetuletea Hajui Kutembea

Kwa Bwana Sanga,
Mwenye Banda la Kuku wa Mayai,
Vitengeni.

Mkwe wangu mpendwa,

Pokea salamu zetu, hasa za mama mkwe wako Kanze, ambaye amenisihi nisiandike kwa hasira. Nimemtii kadiri ya uwezo wangu.

Jumapili ya juzi ulikuja hapa Tezo kuniomba kile kipande cha shamba nyuma ya nyumba, ujenge banda la pili la vizimba. Ulikuja na kuku mkononi, kama inavyotakiwa. Desturi ya nyumba yetu unaijua: kuku wa mkwe hachinjwi. Huachiliwa uani, na akishazoea, mkwe hupewa jibu lake. Wewe ulitoa kizimbani yule anayekutagia kuliko wote. Moyo wako niliuona, na nakushukuru. Hata hivyo nina malalamiko, nami nimeyapa namba yasije yakapotea.

1. Kuku wako hajui kutembea. Nilipomweka chini alibaki palepale mpaka jua likamfikia, nikamhamisha mimi. Nina miaka sabini na moja na sijawahi kumsindikiza kuku kivulini. Vidole vyake vimekunjika kama bado vimeshika waya. Hilo, nasema wazi, lilinihuzunisha.

2. Nilimmwagia mahindi, akayakanyaga, akasimama kungoja chakula. Kwa ule mdomo wake uliokatwa ncha, hata kudonoa ni kazi. Uliniambia hukatwa wasidonoane kwa vile wamebanana. Nikawakumbuka wazee wa ukoo wetu katika vikao vya mashamba, nikaona dawa hiyo ingetufaa na sisi.

3. Ametaga mara nne, akiwa amesimama. Kwako sakafu imeinama, yai huondoka lenyewe. Hapa haliondoki, naye hulitazama kama mgeni aliyekataa kuaga.

4. Jogoo wetu amemzunguka siku tatu, bawa moja chini, kwa adabu zake zote. Kuku hakujua anaambiwa nini. Jogoo sasa hawiki sawasawa, na majirani wanachelewa kuamka.

5. Heshima yangu imeshuka. Jirani yetu Kalume alinikuta nimechuchumaa uani, nachakura mchanga kwa vidole ili kuku aone namna. Alinisalimia vizuri, akaenda zake kuwaambia wengine.

Basi nimefikiri sana, na nimeona ulilonijibu siku ile ni kweli. Kuku wa kizimba haonewi, kwa kuwa hajui kingine. Asiyejua kutembea atadai vipi pa kutembea? Kwa hekima hiyo nashauri hata wajukuu zangu wasifundishwe kutembea, wasije wakakudai uwanja. Na lile jiko ulilomjengea binti yangu Monicah, ambamo akigeuka sufuria hugeuka naye, sasa nimelielewa. Nilikuwa nikilinung'unikia bure.

Kwa hiyo naomba uje Jumamosi umchukue kuku wako, umrudishe kizimbani kwa wenzake watatu, wabanane kwa amani. Ukifanya hivyo, shamba nakupa. Kalamu ninayo, na Kalume amekubali kuwa shahidi.

Nisalimie Monicah, watoto, mama yako mzazi, na kuku wote elfu mbili, kila mmoja kwa jina lake kama analo.

Ni mimi baba mkwe wako, nisiye na kinyongo,
Ziro wa Baya,
Tezo.

Nyongeza: Usije Jumamosi. Leo asubuhi, kabla sijaifunga bahasha, kuku alijitupa mchangani akajigaragaza, mbawa huku, miguu kule. Nilimwita Kanze mbio nikidhani anakata roho. Kanze alicheka mpaka akakaa chini, akaniambia anaoga. Hilo mimi sikumfundisha, mkwe, na kwako hajawahi kuuona mchanga. Alilijua siku zote. Basi kuku amezoea, na jibu lako ni hili: kuku simrudishi, na shamba sikupi. Pale anapooga ndipo ulipotaka kujenga.