Habari za Mbeta Kumi na Moja na Boga Moja

Sogeeni, enyi mlimao viazi na ninyi mnaovinunua tu. Tueni majembe, zimeni redio, na mwenye sufuria jikoni aipunguzie moto, maana nataka kunena jambo ambalo wakubwa wa dunia hawakulisikia, na hiyo ni hasara yao. Nitanena jinsi Kristina, mjane wa Elieza, naye mwenyewe mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri hapa Njombe, alivyofunika mbeta kumi na moja kwa vipande vya chandarua. Wapo watakaocheka, nami nawajua kwa majina.

Ulikuwa mwezi wa pili, mvua zimekolea, na ukungu ulilala mashambani hata saa mbili asubuhi. Kristina huyo, mwenye mikono isiyojua kupumzika, alikuwa na bustani ya maboga nyuma ya nyumba. Mbegu zake hazikutoka dukani. Alipewa na mama mkwe wake siku alipoolewa, na huyo naye alipewa na mama yake: boga la kijivu, lenye nyama nene, tamu lisilohitaji sukari wala sifa. Mama mkwe sasa ni marehemu. Mwaka huu panya walikuwa wametoboa kibuyu cha akiba, basi Kristina akapanda mbegu zote zilizosalia, hata moja hakubakiza, akawa kama jemadari aliyetoa askari wake wote nje ya ngome.

Maua yakachanua kwa fahari, ya manjano, mapana, yakifunguka alfajiri na kufumba kabla ya saa nne. Nyuma ya maua ya kike vikatokea viboga vidogo kama kidole gumba. Siku ya tatu vikawa njano, vikalainika, vikaanguka. Kikaanguka cha kwanza, cha pili, cha saba. Kristina akavizika kwenye samadi, akaingia ndani akalia, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Ndipo akaweka lindo. Asubuhi tatu, amevaa sweta la marehemu mumewe, aliketi juu ya kigoda katikati ya maboga. Alijua jambo ambalo kila mtoto wa shule amelisoma na kulisahau: ua la kiume lina unga, ua la kike linaungoja, na baina yao hakuna mpelekaji ila mdudu, hasa nyuki. Siku ya kwanza hakuona nyuki. Siku ya pili hakuona. Siku ya tatu alipita mmoja, hakutua, akaruka juu ya uzio wa jirani kwa haraka ya mtu aliyesikia harufu ya sherehe.

Kristina akamfuata, akavuka uzio, akaingia katika mianzi ya Hilari.

Basi Hilari ni Mkatoliki, tena mgema ambaye jina lake linatajwa kwa heshima kutoka hapa hadi Makambako. Kila mwanzi wake mchanga ulikuwa umekatwa ncha, na kwenye kila ncha imefungwa mbeta, kile chombo cha pingili ya mwanzi kinachopokea utomvu mtamu, tone kwa tone, mpaka uwe ulanzi wa kunywa. Kristina akainamisha mbeta ya kwanza, akachungulia. Walielea humo nyuki wasiopungua thelathini, wamekufa. Akachungulia ya pili na ya tatu. Jeshi zima la kubeba unga wa maboga lilikuwa limezama katika utamu.

Hilari akatokea, kisu cha kugemea mkononi. "Kamwene, mama."

"Kamwene, Baba Tarsis. Weka kisu chini unisikilize. Mwanzi wako unamlisha nyuki. Nyuki analizalisha boga langu. Boga langu limewalisha wanao kila msimu wa njaa, nawe hujawahi kulikataa. Sasa umechimba shimo katikati ya njia hiyo. Nyuki wakiisha, mbegu za mama mkwe wangu zinaisha mwaka huu, nami nazitazama. Nakusihi, funika mbeta zako!"

Hilari akavua kofia, akajibu kwa huzuni kubwa. "Mama Judith, ombi lako ni dogo, ila msiba wangu ni mkubwa. Wateja kilabuni hutazama kwanza nyuki. Wakiwaona wanaelea, wanajua ulanzi umetoka mwanzini moja kwa moja. Wakiukuta mtupu, watasema nimeongeza maji. Si unajua, mgema akisifiwa tembo hulitia maji? Nami nimesifiwa miaka kumi na tisa."

Na hakusema uongo, kwa maana ndivyo watu wetu wanavyoupima ulanzi, kwa maiti.

"Wakiambiwa na mtu kwamba hauna maji, hawataamini?" akauliza Kristina.

"Mtu gani? Mnywaji si shahidi. Labda asiyekunywa. Tena awe anaogopwa."

Wakatazamana. Mzee wa kanisa hajawahi kukanyaga kilabuni, isipokuwa kumtoa mume wa mtu.

Kesho yake asubuhi Kristina alifika na mkasi, chandarua chakavu, na vipande vya tyubu ya baiskeli vya kufungia. Akafunika mbeta ya kwanza, Hilari akishika mwanzi. Akafunika ya pili. Kwenye ya saba nyuki asiyejua maana ya wokovu akamchoma juu ya jicho, naye akaendelea, jicho moja likiwa limefumba, hata akaikamilisha ya kumi na moja. Jioni hiyo, amevaa gauni la ibada na jicho limevimba, akasimama mlangoni pa kilabu, ulanzi wa mchana ule ulipokuwa umeletwa. Vikombe vikashuka.

"Enyi mnaokunywa!" akanena. "Mimi siunywi, na Mungu akinisaidia sitaunywa. Lakini tangu asubuhi nimesimama kwenye mianzi ya Baba Tarsis, nimeona kwa jicho hili moja lililobaki. Hakuna maji humo. Anayebisha aje Jumapili, tubishane mbele ya madhabahu."

Hakubisha mtu. Mzee Amon, mkongwe wa wanywaji wote, akaomba amiminiwe, akanywa, kisha akakiri kwamba miaka yote hiyo alichoka mno kutema mabawa.

Wazee wenzake wa kanisa walimwita Kristina aeleze alikuwa akifanya nini kilabuni. Akawaambia alikuwa akihudumia maboga. Jambo hilo halikuwamo katika taratibu zao, wakafunga kikao kwa sala.

Siku ya tano baada ya mbeta kufunikwa, nyuki mmoja akatua bustanini, akaingia ua hili, akatoka ana unga mpaka magotini, akaingia lile. Siku tatu zikapita tangu hapo, kiboga cha ua hilo kikabaki kijani. Siku ya nne kikabaki. Siku ya saba Kristina akakigusa kwa vidole viwili, akakikuta kigumu.

"Baba Tarsis!" akaita. "Limeshika!"

Hilari akaacha mianzi, akaja mbio, akachuchumaa naye kwenye ukungu. Kisha Kristina akasema, wala si kwa Hilari, "Mama, mbegu zako bado zipo."

Iandikwe basi, na atakayekuja asome: Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, boga moja, kubwa kama ngumi ya mwanamke, lilikataa kuanguka.