Kikohozi Kilichoidhinishwa

Mwenyekiti hakuwa na kompyuta. Hakuwa na shahada wala stashahada, ila cheti cha shule ya usiku alichokitia fremu kubwa kuliko cheti chenyewe. Hakuwa na gari, hakuwa na sauti ya kuimba, hakuwa na meno mawili ya mbele, na subira hakuwa nayo hata ya kuazima. Tena, katika umri wake wote, hakuwahi kuwa na cheo ambacho mtu angeweza kukitaja kwenye mazishi yake. Basi janga lilipoingia, shule zikafungwa na watoto wakaambiwa wasome kwa simu, Sista Mkuu wa shule ya msingi ya parokia akatafuta mtu mzima mwenye muda mwingi. Muda Mwenyekiti alikuwa nao tele.

Tangazo lilisomwa kanisani mbele ya watu wanane walioketi mbali mbali kama meno yake. Lilisema kwamba imeundwa Kamati ya Kudumisha, Kuratibu na Kusimamia Imani ya Jumuiya ya Shule kwa Njia ya Masafa. Wajumbe walikuwa watatu: yeye mwenyewe, Katibu, ambaye ni fundi saa mstaafu, na Sista Mkuu, ambaye katika kila kikao alisema "Sawa" na kuendelea kusahihisha madaftari.

"Masafa gani," aliuliza mkewe, "na wewe hata simu unaishika kama kaa la moto?"

Mwenyekiti alilipokea swali hilo kama pongezi.

Jioni ya kwanza ya rozari ya mtandaoni, nyumba mia tatu ziliitika kwa pamoja, yaani hazikuitika kwa pamoja. "Maria Mtakatifu" ya nyumba moja ilifika wakati nyumba nyingine imeshamaliza "Amina". Jogoo aliwika. Mtoto mchanga alilia. Baba mmoja, asiyejua kwamba anasikika parokia nzima, aliuliza nani kavaa ndala zake, akaongeza neno ambalo halimo katika Katekisimu.

Kamati ilikutana kwa dharura na kubaini kwamba imani ipo, ila haijaratibiwa. Ukatolewa Waraka Namba Moja: vipaza sauti vya wanafunzi wote vizimwe tangu "Kwa Jina la Baba" hadi "Amina" ya mwisho. Anayeongoza ndiye pekee atakayesikika.

Matokeo yalikuwa kimya safi kabisa. Katibu aliripoti mafanikio ya asilimia mia moja, kwa kuwa hakuna lalamiko hata moja lililosikika.

Sasa, Mwenyekiti alikuwa na mjukuu wa darasa la nne aliyekuwa akiishi kwake. Mama yake mtoto huyo alikuwa nesi katika wodi ya wagonjwa wa janga, na alilala hukohuko hospitali asije akauleta ugonjwa nyumbani. Zamu ya mjukuu ya kuongoza rozari ilipofika, alivaa sare ya shule mpaka soksi, akasimamisha simu mbele ya bakuli la sukari, akatangaza kwa sauti iliyonyooka kwamba tendo la kwanza wamwombee mama yake. Kisha akaanza Salamu Maria. Akafika nusu, pale ambapo anayeongoza hunyamaza na wengine hudakia.

Akanyamaza. Hakuna aliyedakia. Kwenye kioo, midomo mia tatu ilicheza kama samaki ndani ya chupa.

"Babu, hawaitiki."

"Wanaitika, mjukuu wangu. Wanaitika kwa utaratibu."

"Mbona siwasikii?"

"Utaratibu hausikiki."

"Basi nitangoja," alisema mtoto, akafumba mikono. Akangoja. Parokia nzima ilimtazama akingoja, mpaka simu ikaishiwa chaji.

Tangu jioni hiyo aligoma kusali mtandaoni. Hakulia wala hakununa. Saa ya rozari ikifika, alitoka nje kufagia ua ambao ulikuwa umeshafagiliwa. Bibi yake alimtazama Mwenyekiti, na Mwenyekiti akatazama fremu ya cheti chake.

Kamati ikakutana kuhusu kile ambacho sasa kiliitwa Changamoto ya Mwitikio. Sista Mkuu aliinua kichwa kutoka kwenye madaftari na kupendekeza vipaza sauti viwashwe. Mwenyekiti alimweleza kwa upole kwamba waraka ukishatoka haurudi tumboni. Badala yake alipendekeza Mwitikio Sanifu: sauti moja iliyorekodiwa, yenye matamshi safi, ipigwe kila kiongozi anapofika nusu. Waliitafuta sauti inayofaa kwa muda mfupi sana. Wakampata Mwenyekiti.

Katibu alishauri kwamba rekodi nzuri hufanywa mahali penye nguo nyingi, maana nguo hunyonya mwangwi. Mwenyekiti akaingia katika kabati la mkewe na simu ya kuazima, akajifungia katikati ya makoti na naftalini. Akavuta pumzi. "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu," alisema kwa sauti ya mtu anayefungua daraja, na hapo vumbi la miaka mingi likamwingia kooni. Kho! Kho! "Utuombee sisi wakosefu," akaendelea, bila kuyumba.

"Mwenyekiti, turudie," alisema Katibu. "Pana kikohozi."

"Pana pumziko," alisema Mwenyekiti. "Nikirudia leo, kesho nani ataheshimu maamuzi yangu? Peleka."

Ikapelekwa. Kila jioni, mara hamsini kwa rozari, Mwenyekiti aliitika, akakohoa mara mbili na kuomba. Yeye alikaa sebuleni akijisikiliza huku macho kayafumba, na si uongo kusema kwamba alijiona mtakatifu kidogo.

Lakini mtoto ni mtoto. Ukimwambia afuate, hufuata. Wa darasa la kwanza walikuwa ndio kwanza wanajifunza sala hiyo, na hawakuwa na njia ya kujua wapi pameishia Kanisa na wapi limeanzia kabati. Wakaishika yote. Wadogo zao wakaishika kutoka kwao. Mama mmoja alimrekebisha mwanawe, naye mtoto akamjibu, "Mama, umeruka kikohozi." Haukupita muda, kila saa kumi na mbili jioni, mtaa baada ya mtaa, madirisha yakiwa wazi kwa ajili ya hewa, ilisikika sala ikipanda vizuri hadi "Mama wa Mungu", kisha watoto mia tatu wakakohoa kwa pamoja.

Kwa wakati ule, mtu akipiga chafya sokoni alibaki na soko lote peke yake. Habari zikamfikia bwana afya. Akaja amevaa mavazi meupe toka utosini hadi visiginoni, kipima joto mkononi, akawauliza watoto waliokuwa wakicheza kando ya ukuta: "Nani kawaambukiza kikohozi hiki?"

"Mwenyekiti!" walijibu wote, kwa heshima.

Mwenyekiti alimpokea mlangoni akiwa amefunga tai.

"Mzee, unakohoa?"

"Nilikohoa. Mara moja. Baada ya hapo nimerudufishwa."

"Kikohozi kikavu au chenye makohozi?"

"Kikohozi cha kiutawala," alisema Mwenyekiti. "Kipo kwenye kumbukumbu za kikao."

Bwana afya aliandika kwamba mgonjwa ameanza kuweweseka. Akaagiza mzee afungiwe chumbani wiki mbili, awekewe chakula mlangoni, na mtu yeyote asimsogelee.

"Nilikwambia kabati hilo lifutwe vumbi," alisema mkewe nyuma ya mlango, akateremsha komeo.

Alikuwa humo siku ya pili wakati bahasha kubwa ilipopenyezwa chini ya mlango. Ilitoka Ofisi ya Elimu ya Jimbo. Katibu wa Elimu wa Jimbo alikuwa ameisikia rekodi na kuguswa sana, hususan na "lile pumziko la tafakari baada ya maneno Mama wa Mungu". Ofisi yake ilikuwa imeanza kuitumia katika sala ya asubuhi ya watumishi. Ilikusudiwa kuenezwa katika shule zote za jimbo, na Mwenyekiti aliombwa akubali kuwa Mwenyekiti wa Jimbo wa Mwitikio, mwenye ofisi, mlango, na jina lake juu ya mlango.

Mwenyekiti aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma akiwa ameketi. Cheo kilikuwa kimekuja, na kimemkuta amefungiwa kama kuku mgonjwa. Akasema amshukuru Mungu kwa rozari. Akaanza Salamu Maria, akafika nusu, akanyamaza kwa mazoea.

Chumba kilikuwa kimya. Nje, ufagio ulikuwa ukipita uani.

Akaichukua simu ile ya kuazima, akabonyeza rekodi. Sauti yake mwenyewe ikamwitikia, ikakohoa, ikamwombea. Akaanza ya pili. Ikamwitikia, ikakohoa. Katika ya tatu aligundua kwamba alikuwa akiharakisha ili aifikie sauti yake, kwa kuwa haikumngoja. Hata kama angelia katikati ya sala, ingekohoa palepale.

Ufagio ulikuwa umesimama.

"Babu."

"Naam."

"Unasali na nani?"

"Nasali peke yangu. Nusu nyingine ninayo kwenye simu."

"Lakini huyo naye ni wewe," alisema mjukuu. "Unapiga hodi halafu unajikaribisha mwenyewe."

Bibi yake alikuwa karibu, kama kawaida ya bibi. "Na anayepiga hodi akajiitikia karibu," alisema, "huyo ni mwizi."

Mwenyekiti alifungua kinywa kutoa ufafanuzi. Alikuwa na maneno mengi ya ufafanuzi, karibu yote ya shule ya usiku. Akayaacha yote. Akazima rekodi, akakaa sakafuni, mgongo mlangoni, akaanza tena Salamu Maria kwa sauti ndogo. Akafika nusu. Akanyamaza.

Akangoja. Kumbe kungoja huku ni kazi ngumu namna hii, na yeye alikuwa amemwachia mtoto.

"Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu," ilisema sauti ya mjukuu upande wa pili wa mbao, "utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu. Amina."

Bila kikohozi.

"Asante," alisema Mwenyekiti.

"Sijakuitikia bure. Nataka na darasa langu liniitikie. Nimwombee Mama, niwasikie."

"Kutakuwa na kelele, mjukuu wangu. Majogoo. Watu na ndala zao."

"Mama huko wodini anasikia mashine tu, Babu. Akijiunga kwa simu yake, kelele za nyumbani atazipenda."

Mwenyekiti akampigia simu Katibu. Akamwambia afute Waraka Namba Moja. Katibu akauliza kwa kuzingatia kifungu gani. "Kwa kuzingatia kwamba nilikosea," alisema Mwenyekiti, na Katibu akaomba alirudie neno hilo, maana mtandao ulikuwa unakatakata.

Jioni hiyo mjukuu alivaa tena sare, na simu ikasimamishwa mbele ya bakuli la sukari. Mwenyekiti alisikiliza kupitia tundu la ufunguo, sikio kwanza, kisha jicho. Mtoto akataja jina la mama yake. Akaanza. Akafika nusu, akanyamaza.

Ikaja. Ilikuja kama mvua juu ya mabati, haina mwanzo mmoja wala mwisho mmoja. Wengine walikuwa mbele, wengine nyuma, mfuniko wa sufuria ulianguka mahali, mbwa alibweka, kitoto kililia, na baada ya "Mama wa Mungu" nusu ya shule ikakohoa kwa utii. Kila mmoja alikuwa amemaliza "Amina" yake iliposikika moja ya mwisho, ya mwanamke, nzito na iliyochoka, imezibwa na barakoa, nyuma yake kitu kikilia pip, pip, pip.

"Huyo Mama," alisema mjukuu. "Tuendelee."

Wakaendelea mpaka matendo yote matano. Mwenyekiti aliitika kwenye tundu la ufunguo, na kwa kuwa alikuwa amekaa vibaya, alibanduka hapo na alama ya kitasa shavuni.

Asubuhi akaketi kuijibu Ofisi ya Elimu ya Jimbo. Rasimu ya kwanza ilianza, "Kwa heshima na taadhima, na kwa kurejea barua yako tajwa hapo juu." Akaisoma kwa sauti.

"Bado hujasema kitu," alisema mkewe nyuma ya mlango.

Rasimu ya pili ilikuwa na "mustakabali". Mkewe akauliza kama huyo naye ni mjumbe. Ya tatu ilikuwa fupi: "Ndugu Katibu wa Elimu, pumziko mlilolisifu ni vumbi la kabati. Kikohozi ni changu, tafadhali msikieneze. Cheo nilikitaka sana, lakini sitakichukua. Jioni watoto wetu wanasali vipaza sauti vikiwa wazi, mmoja anaanza na wengine wanaitika. Kuna kelele nyingi. Karibu nawe uitike."

Mkewe akapenyeza bahasha chini ya mlango, na katika ndoa yao hiyo ilikuwa sahihi ya pili.

Ndipo bwana afya akafika kumpima joto. Alikuwa amechoka, na kibegi chake kimejaa makomeo na vibandiko vya KARANTINI.

"Mzee, wewe huna kitu," alisema akitazama kipimo. "Ila naharakisha. Nakwenda kuifunga Ofisi ya Elimu ya Jimbo."

"Kuna nini?"

"Jana Baba Askofu aliwatembelea. Wakasali mbele yake. Wote, kuanzia Katibu wa Elimu hadi mhasibu, walikohoa kwa pamoja mara mbili, tena wamefumba macho. Askofu alitorokea dirishani."

Mwenyekiti aliitazama barua mkononi mwake. Alitamani kucheka, lakini alikumbuka kwamba mbegu ni yake, akacheka kwa ndani.

"Basi wapelekee hii," alisema. "Watakuwa na muda wa kuisoma."

Akaikunja mara tatu. Akaitia katika bahasha, akapaka gundi kwa kidole, maana siku hizo hakuna aliyethubutu kulamba, akaibana kwa ngumi mpaka ikashika. Bwana afya akainyunyizia dawa mbele na nyuma, akaipunga ikauka, akaitumbukiza kibegini kati ya makomeo. Akavuta zipu, akapanda baiskeli yake, akaondoka.